Ruta moja, swichi mbili: kupanga mtandao wa waya kabla ya kupiga plasta

Swali: Ninajenga nyumba ya ghorofa moja. Kuta zimesimama, plasta bado. Nataka kila chumba kiwe na intaneti ya waya, kamera 4 za nje, na waifai ya uhakika juu na chini. Nimeshauriwa ninunue ruta 2, moja kwa kila sakafu, na nitumie kebo za Cat7. Ni ushauri mzuri? Pia nina karakana iliyo kama mita 70 kutoka nyumbani. Nayo niifikishie mtandao vipi?

Jibu: Ruta 2 hazihitajiki, na Cat7 iache dukani (Cat ni daraja la kebo ya mtandao). Unachohitaji ni ruta 1, swichi 2, virusha waifai 2 vya kufunga darini, na mabomba ya plastiki yaliyolazwa vizuri ndani ya kuta. Hela yako ielekee kwenye mabomba na kebo kwanza, vifaa vifuate. Ruta utaibadilisha baada ya miaka michache, na swichi ikiungua unachomoa na kuchomeka nyingine. Ukuta uliokwisha kupigwa plasta na rangi hautafunguliwa tena kwa ajili ya waya uliosahaulika.

Nianze na ruta, kwa sababu ushauri uliopewa ndio unaozaa malalamiko mengi. Kazi ya ruta ni kusimama kati ya nyumba na intaneti: inapokea anwani moja kutoka kwa mtoa huduma, halafu inagawa anwani za ndani kwa simu, kompyuta na televisheni kupitia huduma iitwayo DHCP. Mgawaji anatakiwa awe mmoja. Swichi haigawi chochote. Inapokea data kwenye poti (tundu) moja na kuitoa kwenye poti ya anayehusika, basi.

Ukichomeka ruta ya pili kwa poti yake ya WAN, ile ya kuelekea intaneti, umetengeneza mitandao miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Printa iliyo juu haitaonekana na kompyuta iliyo chini, na chochote kinachotaka kufikiwa kutoka nje kitakwama, maana anwani zinatafsiriwa mara mbili. Ukiichomeka kwa poti ya LAN, ile ya mtandao wa ndani, bila kuzima DHCP yake, balaa ni jingine: ruta mbili zinashindana kugawa anwani. Simu iliyojibiwa na ruta kuu inafanya kazi. Iliyojibiwa na ile nyingine inaelekezwa kwenye lango lisilotoka nje, kwa hiyo alama ya waifai imejaa na intaneti hakuna. Unazima na kuwasha, inakaa sawa; kesho inarudia. Ni hitilafu ya kuudhi kwa sababu inakuja na kuondoka, na watu hubadilisha kebo na kumlaumu mtoa huduma kabla ya kufungua ukurasa wa mipangilio.

Kama tayari unayo ruta ya ziada, itumie kama kirusha waifai. Iunganishe na kompyuta peke yake kwanza. Badilisha anwani yake ya LAN isigongane na ya ruta kuu, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa kuu ni 192.168.1.1. Kisha zima DHCP, weka jina na nenosiri la waifai, ndipo uilete kwenye mtandao kwa poti ya LAN na kuiacha ile ya WAN tupu. Mpangilio huo usiugeuze: ukizima DHCP mwanzo, kompyuta inaweza kukosa anwani na ukafungiwa nje ya mipangilio mpaka ujiandikie anwani kwa mkono.

Kifaa ulichopewa na mtoa huduma kikiwa na ruta ndani yake, hiyo ndiyo ruta yako. Ukitaka kuweka ya kwako, muombe akigeuze cha kwake kiwe katika hali ya daraja, yaani kipitishe tu bila kugawa anwani.

Sasa ramani. Chukua mchoro wa nyumba, chagua sehemu moja ambako kebo zote zitaishia, na uweke kabati dogo hapo. Kila kebo itoke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja hadi kabatini bila kuungwa njiani na bila kupitia chumba kingine. Mtindo wa kuvuta kebo moja hadi chumbani, kuweka swichi ndogo, kisha kuendelea na chumba kinachofuata unaokoa mita kadhaa za kebo, lakini swichi ya katikati ikizimwa na mtoto, vyumba vyote vya mbele vinakatika. Kabati liwe mahali pakavu penye hewa. Lisikae bafuni, lisiwe juu ya jiko, wala kwenye dari chini ya bati ambako joto la mchana huua vifaa taratibu. Liwe na soketi za umeme zisizopungua 4, na bomba linaloelekea pale faiba au waya wa mtoa huduma unapoingilia.

Kwa nyumba kama yako, hesabu ya pointi ningeiweka hivi: 3 nyuma ya televisheni ya sebuleni, 3 kwenye chumba cha kusomea, 1 kwa kila chumba cha kulala (nachukulia viko 3), 2 darini kwa virusha waifai, kimoja kila sakafu, na 4 za kamera. Jumla 15. Usishangae televisheni kupewa 3. King'amuzi, mashine ya michezo na televisheni yenyewe vyote vina poti ya mtandao, na kila kimoja unachokitoa kwenye waifai kinawaachia nafasi wanaotumia simu.

Kadirio la kebo watu hukosea kwa sababu wanapima mstari ulionyooka kwenye mchoro. Kebo hupanda ukuta, hupita juu ya dari, hukwepa nguzo, kisha hushuka. Pima njia yenyewe. Tuseme wastani wa njia zako ni mita 17. Pointi 15 ni mita 255. Ongeza mita 3 za akiba kabatini kwa kila kebo, ni 45, na nusu mita upande wa soketi, ni 7.5. Umefika 307.5. Boksi la kawaida lina mita 305, kwa hiyo utashawishika kubana hapa na pale litoshe. Halitatosha. Weka asilimia 10 ya upotevu, unafika karibu mita 340; tena kipande cha mita 9 kilichobaki mwishoni mwa boksi hakifai kwa njia ya mita 20, maana kebo za ukutani haziungwi. Nunua maboksi 2. Kitakachobaki kitumie kuongeza kebo ya pili katika vyumba vya kulala.

Kuhusu aina: Cat6 ya shaba tupu, isiyo na ngao (tabaka la chuma la kuzuia mwingilio). Inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na gigabiti 10 hadi kama mita 55 mazingira yakiwa mazuri, umbali ambao kebo ya ndani ya nyumba ni nadra kuufikia. Cat6A inafikisha gigabiti 10 mita 100 kamili, ila ni nene na ngumu kukunja kwenye boksi la ukutani. Cat7 viwango vyake vilitungwa kwa viunganishi tofauti na RJ45, plagi ya kawaida ya mtandao, na ukiifunga plagi ya RJ45 huna tena ulichokilipia. Tena ni ya ngao, na ngao isiyounganishwa na ethi vizuri haina faida.

Cha kuogopa zaidi ya namba ya Cat ni kebo ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo maboksi yake huandikwa CCA, na mengine hayaandikwi kitu. Kwangua waya mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe. Upinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo kamera ya mbali inayopewa umeme kupitia kebo hupata volti pungufu, kebo hupata joto, na waya hukatika ndani ya soketi ukiukunja mara mbili tatu.

Mabomba ndiyo kazi ya kufanya sasa hivi, kabla ya plasta. Bomba la milimita 25 hubeba kebo 4 za Cat6 kwa raha. La milimita 20 hubeba 2. Ukijaza zaidi ya hapo kebo zitaingia nusu ya njia kisha zikwame konani. Tumia kona za mviringo mpana badala ya kiwiko cha mabomba ya maji, na kati ya sehemu moja ya kuvutia na nyingine zisizidi kona 2 za digrii 90. Zikizidi, weka boksi la kuvutia katikati. Acha kamba ya nailoni ndani ya kila bomba, na hata baada ya kuvuta kebo irudishe kamba nyingine. Laza pia bomba moja tupu kutoka kabatini hadi darini. Leo halina kazi, lakini ndilo litakalokuokoa utakapotaka kamera ya tano.

Waya za umeme na za mtandao zisichangie bomba kamwe, hata kama fundi umeme atakwambia nafasi ipo. Sababu ya kwanza ni usalama: ganda la waya wa umeme likichubuka, volti za ukutani zitaingia kwenye kompyuta yako. Ya pili ni mwingilio wa mawimbi. Zikienda sambamba ziachane sentimita 20 hadi 30. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa msalaba.

Kebo zenyewe usivute sasa. Subiri plasta ikauke, vuta, kisha funga soketi baada ya rangi. Wakati wa kuvuta, nguvu isizidi kama ya kuinua kilo 11. Ukikaza zaidi jozi za ndani, yaani nyaya zilizosokotwa mbilimbili, hunyooka na kebo inaharibika bila alama yoyote kwa nje. Kona isiwe kali kuliko nusu-kipenyo cha sentimita 2.5, na kebo zisifungwe kwa vibanio vya plastiki hadi zibonyee. Andika namba kwenye ncha zote mbili kabla ya kukata. Kebo 15 za rangi moja zisizo na namba ni nusu siku ya kubahatisha.

Kwenye soketi na kwenye paneli ya kabatini (ubao wa soketi zinakoishia kebo zote), chagua mpangilio mmoja wa rangi na uufuate nyumba nzima. Ule wa T568B, kuanzia pini ya 1, ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia pini ya 3 na ya 6: jozi ya kijani imetenganishwa na ya bluu iko katikati yake. Anayefunga kwa mara ya kwanza huona mpangilio huo kama makosa, akazipanga jozi zifuatane, chungwa, kijani, bluu, kahawia, na akafanya hivyohivyo upande wa pili. Kipimo cha bei rahisi kitawasha taa zote 8 kwa mfuatano mzuri, maana kila waya unafika pale ulipotarajiwa. Lakini ishara inayosafiri kwenye pini 3 na 6 sasa imepanda nyaya za jozi mbili tofauti, haina tena msokoto wa kuikinga, na zinaingiliana. Matokeo yake ni kebo ya mita 2 inayofanya kazi na kebo ya mita 30 inayokatikakatika au inayogoma kufika gigabiti. Fuata rangi zilizochapwa kwenye soketi, na usifungue msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye meno ya soketi.

Ncha za ukutani ziishie kwenye soketi na paneli, zisifungwe plagi. Kebo ya ukutani ina waya mmoja mgumu kwa kila rangi na haipendi kuchezewa. Kutoka kwenye soketi hadi kwenye kifaa tumia kebo fupi laini za kununua zikiwa zimefungwa kiwandani. Kamera peke yake ndiyo ninayoiruhusu plagi, kwa kuwa mahali pa soketi mara nyingi hapapo.

Swichi sasa. Pointi 15 na kebo ya kwenda kwenye ruta ni poti 16 kamili, kwa hiyo swichi ya poti 16 itakuwa imejaa kabla hujahamia. Badala ya kuruka hadi ya poti 24 zenye umeme, gawa kazi. Ya kwanza, swichi ya kawaida ya poti 16: pointi 9 za vyumbani, moja ya ruta, moja ya swichi ya pili, na 5 zinabaki. Ya pili, swichi ya PoE, yaani inayopeleka umeme ndani ya kebo hiyohiyo ya mtandao: zipo nyingi zenye poti 8 za umeme na 2 za ziada. Kamera 4 na virusha waifai 2 vinachukua 6. Kwenye zile 2 za ziada, moja inaunganisha na swichi ya kwanza na nyingine inaunganisha kirekodi cha kamera. Kirekodi kikiwa kwenye swichi moja na kamera, video haipiti kwenye kiungo kati ya swichi, na hata ile kubwa ikifa kurekodi kunaendelea, mradi kamera ziwe na anwani za kudumu.

Kwenye swichi ya PoE soma kitu kimoja kabla ya idadi ya poti: jumla ya wati inazoweza kutoa. Kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa poti, na 802.3at hadi wati 30, lakini swichi ya poti 8 yenye jumla ya wati 60 haiwezi kutoa 30 kwa kila moja. Piga hesabu: kamera 4 kwa wati 8 ni 32, virusha waifai 2 kwa wati 15 ni 30, jumla 62. Swichi ya wati 60 itafanya kazi mchana kutwa. Jua likizama, kamera zinawasha taa zao za kuonea gizani, matumizi yanapanda hadi hizo 62, na swichi inakikatia kifaa kimoja umeme. Ukiona kamera au waifai inazimika usiku tu, anza kuchunguza hapo. Nunua yenye wati 90 au zaidi.

Je, swichi iwe ya kuongozwa kwa mipangilio au ya kuchomeka tu? Ya kuchomeka inatosha kwa wengi. Lakini kama unataka kamera na wageni watenganishwe na kompyuta zako kwa VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa iliyotengana), basi swichi zote 2, ruta na virusha waifai lazima vyote viielewe VLAN. Kimoja kikikosa, mpango umevunjika. Faida nyingine ya swichi ya kuongozwa ni kinga dhidi ya mzunguko. Mtu akichomeka ncha zote 2 za kebo kwenye swichi hiyohiyo, ujumbe unazunguka bila mwisho, taa zote zinapepesa kwa pamoja kwa kasi moja, na nyumba nzima inakosa mtandao. Swichi yenye kinga huifunga poti hiyo na wengine hawajui kilichotokea.

Anwani zipange mapema kwenye karatasi. Kwa mfano, kwa tarakimu za mwisho za anwani: ruta .1, swichi na virusha waifai .2 hadi .9, kamera, kirekodi na printa .10 hadi .49, na DHCP igawe .100 hadi .250. Kama unaingia kwenye mtandao wa ofisi kutoka nyumbani, usitumie 192.168.1, ofisi nyingi zinaitumia pia, na kompyuta yako haitajua seva iko upande upi. Chagua kitu kama 192.168.37.

Usifungie ruta yenye antena ndani ya kabati la chuma na kutegemea waifai yake. Izime waifai yake kabisa na uviachie kazi virusha waifai 2 vya darini.

UPS (betri ya akiba) ndogo kabatini ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa umeme ukirukaruka ruta huwaka upya kila mara. Kisanduku cha faiba, ruta na swichi ya kawaida kwa pamoja hula kama wati 30. Ukiongeza swichi ya PoE unakaribia 90. UPS yenye betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7 itakupa zaidi ya saa moja kwa zile 30, lakini kwa 90 ni kama nusu saa tu.

Kazi ikiisha, jaribu kila pointi, si mbili tatu za karibu. Kipimo cha taa kwanza, kisha kompyuta yenye poti ya gigabiti: angalia kama kiungo kimesoma megabiti 1000 au 100. Kikisoma 100, kifaa hakina kosa. Mara nyingi ni waya mmoja wa bluu au kahawia haujashika vizuri kwenye soketi, kwa sababu kasi ya megabiti 100 hutumia jozi za chungwa na kijani peke yake. Kisha pima kwa programu ya iperf3 kati ya kompyuta 2 za ndani. Kiungo kizuri cha gigabiti 1 hutoa kama megabiti 940 kwa sekunde. Kupima kwa tovuti za kasi ya intaneti hakukuambii lolote kuhusu kebo zako, kunapima kifurushi ulicholipia.

Kuhusu karakana: mita 70 ziko ndani ya mita 100 za shaba, na wengi wangekuvutia Cat6 ya nje na kuondoka. Mimi ningelaza faiba. Majengo mawili yenye ethi tofauti yakiunganishwa kwa shaba, radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati ya ardhi ya huku na ya kule hupita kwenye kebo na kumaliza swichi za pande zote mbili. Faiba ya kioo haipitishi umeme, mradi uchague isiyo na waya wa chuma wala ganda la chuma. Nunua kebo ya nje ya singo modi (faiba ya njia moja ya mwanga) iliyofungwa viunganishi kiwandani, yenye nyuzi 4 ili 2 ziwe akiba, uipime njia kwanza na uongeze mita 10. Ilaze kwenye bomba la milimita 32 lenye kamba ya kuvutia, maana kichwa chenye viunganishi ni kinene. Kila upande weka swichi yenye tundu la SFP (la kuchomeka moduli ya faiba) na moduli za jozi moja zinazofanana. Kwa mpango huu, chagua swichi ya poti 16 yenye tundu hilo tangu mwanzo, na karakanani swichi ya poti 5 au 8 inatosha. Huko nako funga kirusha waifai cha tatu.